Shehena na Maji: Uchambuzi wa Kununua Gari-Nyumba Kubwa Lililokwishatumika

Mwaka 1885 tabibu mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, Gordon Stables, aliyekuwa amekwisha kuacha dawa na kuishi kwa kalamu yake, aliwaagiza waunda mabehewa wa Bristol wamjengee nyumba ya mbao juu ya magurudumu manne, akaiita Wanderer, akafunga farasi wawili mbele yake, akapakia mbwa na kasuku, na akatoka nayo kusini mwa Uingereza hadi Inverness katika Uskoti, huku mtumishi wake akitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu ili awaonye waliokuwa wakija kwa upande wa pili kwamba njia imezibwa. Kisa hiki cha kale nakitaja kwa kuwa ndani ya safari ile moja zimo takriban shida zote zinazomkabili leo mtu anayetaka kununua nyumba iendayo: uzito uwashindao wavutaji kwenye vilima, upana uzibao njia, na haja ya kuwa na mtu wa kutangulia mbele kutazama.

Kiswahili hakijaafikiana juu ya jina la kitu hiki. Wengine husema karavani, ijapokuwa karavani kwa haki ni ile ivutwayo nyuma ya motokaa na kuachwa kiwanjani. Mimi nitaliita gari-nyumba, kwa sababu ni gari kwanza na nyumba baadaye, na mwenye kuyageuza maneno hayo mawili, akaanza kutazama kitanda na mapazia kabla ya kutazama chasisi, ndiye aghalabu anayekula hasara. Tena, kwa mtu wa pwani, lipo neno la tatu linalolifaa kuliko yote mawili, nalo ni chombo. Kwani gari-nyumba kubwa hupakiwa kama jahazi, huvuja kama jahazi, na huuzwa na watu wenye maneno matamu kama ya madalali wa majahazi.

Mnunuzi ninayemkusudia ni yule aliyeko Uingereza, ambako biashara hii ni kubwa na ya siku nyingi, na ambako baadhi ya jamaa zetu waliokwenda kusoma au kufanya kazi katika miaka ya sabini na themanini sasa wamestaafu, watoto wamehama, na moyo umeanza kutamani barabara. Mtu huyo huenda amekwisha kukodi gari dogo kwa wiki mbili, akachoka kukunjua kitanda kila usiku na kukikunja kila asubuhi, na akaazimia kupata kubwa: kitanda kisichokunjwa, bafu ambalo mtu aweza kugeuka ndani yake, na bohari nyuma ya kutia baiskeli. Jipya la namna hiyo, lenye urefu wa mita nane, leo aghalabu hupita pauni 100,000. Lililotumika kwa miaka kumi na mitano laweza kupatikana kwa thuluthi ya fedha hizo au pungufu. Hapo raghba huzaliwa, na hapo pia ndipo ilipo kazi ya uchambuzi huu, maana tofauti ile ya bei haikuanguka kutoka mbinguni, na sehemu yake kubwa imefichwa katika mambo mawili ambayo muuzaji hayatangazi: shehena na maji.

Tuanze na shehena. Karibu na mlango wa dereva, au chini ya kifuniko cha injini, kila gari lina kibati chenye tarakimu nne zilizopangwa moja chini ya nyingine: ya kwanza ni uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa gari lenyewe pamoja na vyote vilivyomo, ya pili ni uzito wa gari pamoja na kitu linachokivuta, ya tatu ni mzigo wa ekseli ya mbele, na ya nne ni wa ekseli ya nyuma. Ni ajabu ya dunia kwamba watu hutoa akiba ya maisha yao bila kukisoma kibati hiki ambacho hakikuzidi ukubwa wa kiganja. Katika magari-nyumba mengi ya Ulaya tarakimu ya kwanza ni kilo 3,500, wala si kwa sababu mhandisi aliona kwamba nyumba ile ndefu yatosha kubebwa kwa kiasi hicho, bali kwa sababu hapo ndipo leseni ya kawaida ya udereva inapokoma, na mtengenezaji hataki kumpoteza mnunuzi asiye na leseni kubwa. Matokeo yake ni kwamba nyumba hurefushwa, vitanda huongezwa, tanuri hutiwa, runinga hutundikwa, na kibati husalia palepale. Na kila kilo inayoliwa na ukubwa wa nyumba hutolewa katika haki ya msafiri kupakia kitu chake mwenyewe.

Hesabu yake ni nyepesi, na kila mnunuzi yampasa kuifanya kwa kalamu. Chukua mathalan gari lililoandikwa kilo 3,500, ambalo likiwa na dereva wa kilo 75 na tangi la dizeli karibu kujaa lina uzito wa 3,180. Limebakiza kilo 320, na msikilizaji asiyezoea huona ni nyingi. Sasa mpandishe mke, kilo 70. Jaza maji lita mia moja, na lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mia. Turubai lililofungwa ubavuni, 35. Baiskeli mbili za umeme, hamsini. Viti na meza ya nje, ishirini. Nguo, sufuria, unga, viazi, vitabu na kamba, tuseme themanini kwa watu wenye kiasi. Jumla ni 355. Gari limezidi kilo 35 kabla ya mtu yeyote kununua kitu njiani, na kabla ya kumchukua mjukuu. Kanuni ya Ulaya ya mwaka 2012 iliweka kiwango cha chini cha shehena ambacho mtengenezaji lazima akibakize, nacho hupatikana kwa kujumlisha idadi ya watu na urefu wa gari kwa mita, kisha kuzidisha kwa kumi. Kwa watu wanne katika gari la mita nane ni kilo 120. Gari laweza basi kuwa halali kabisa siku ya kutoka kiwandani na likawa halifai kabisa kwa familia iliyolinunua.

Liko jambo lililo zito zaidi ya jumla, nalo ni mahali mzigo unapokaa. Magari haya makubwa yana mkia mrefu, yaani sehemu kubwa ya nyumba iliyoning'inia nyuma ya magurudumu ya nyuma, na katika mkia huo ndimo ilimo bohari ambayo muuzaji huifungua kwa fahari. Mtu atiaye kilo mia katika bohari iliyo mita mbili nyuma ya ekseli, katika gari ambalo ekseli zake zimeachana mita nne, hakuiongezea ekseli ya nyuma kilo mia. Ameiongezea 150, kwa sababu mzigo ule hufanya kazi ya mtarimbo, ukainyanyua pua ya gari na kuipunguzia ekseli ya mbele kilo hamsini. Nahodha yeyote ajua chombo kilichozamishwa tezi na kuinuliwa omo kinavyokataa kusikia usukani. Na kwa kuwa mengi ya magari haya, hasa yaliyojengwa juu ya Fiat Ducato, huvutwa na magurudumu ya mbele, pua iliyonyanyuka ndiyo sababu ya kukuta asubuhi ya mvua, katika kiwanja cha majani mabichi, gari la maelfu ya pauni likizungusha magurudumu pale pale huku wenyeji wakileta trekta.

Kwa hiyo rai yangu, ambayo wauzaji wengi hawatanishukuru kwayo, ni kwamba anayetaka kubwa kwa hakika alitafute lile lililoandikwa kilo 4,000 au zaidi tangu kiwandani, lenye chasisi iliyoimarishwa au ekseli mbili nyuma, na asijidanganye kwa kubwa lililobanwa chini ya 3,500. Iko njia ya kati: baadhi ya magari huweza kuandikishwa upya kwa uzito mkubwa zaidi, wakati mwingine kwa karatasi tu, wakati mwingine kwa kubadili matairi na kuongeza mifuko ya hewa kwenye springi. Lakini hilo ni la kuulizwa na kuthibitishwa kabla ya fedha kutoka mkononi. Kauli ya muuzaji kwamba litapandishwa tu haina uzito wowote juu ya mizani.

Kupita mpaka wa kilo 3,500 kuna masharti yake, nayo hugeuza hali ya dereva kuliko hali ya gari. Waliofaulu mtihani wa motokaa Uingereza kabla ya tarehe 1 Januari 1997 walipewa ndani ya leseni yao, bila kuomba, ruhusa ya C1 inayofika kilo 7,500. Waliofaulu baada ya hapo sharti wafanye mtihani mwingine. Ruhusa ile ya kale nayo hukoma mtu atimizapo miaka sabini, illa apeleke ripoti ya daktari juu ya macho na afya yake. Kwa hiyo mnunuzi wa miaka 68 huenda ananunua gari la mita nane ambalo macho yake yana miaka miwili tu ya kuliendesha. Ng'ambo ya bahari mambo huzidi: Austria gari lililopita 3,500 hufungwa kisanduku cha kuhesabu ushuru kwa kila kilomita ya barabara kuu, Uswisi hulipa kodi ya magari mazito, na Ufaransa tangu mwanzo wa 2021 hutakiwa kubandikwa vibandiko vya kuwaonya wapita njia juu ya sehemu asizoziona dereva. Si makubwa, lakini kila moja lina faini yake. Hata katika Uingereza yenyewe, gari-nyumba ambalo uzito wake likiwa tupu umepita tani 3.05 hupunguziwa mwendo katika barabara zisizogawanywa kutoka maili 60 kwa saa hadi 50. Jambo ambalo madereva wa nyuma yake hawalijui, nao huonyesha kutojua kwao kwa honi.

Sasa maji, na hapa ndipo penye undani wote wa neno "lililotumika".

Gari-nyumba la kale, kwa sehemu kubwa, ni fremu ya miti iliyovikwa bati jembamba la alumini kwa nje na plaiwudi kwa ndani, katikati pakiwa na sponji ngumu ya kuzuia baridi. Pande zote hukutana pembeni, na pale zinapokutana huzibwa kwa gundi na kufunikwa kwa utepe wa chuma uliopigwa skurubu. Kila dirisha ni tundu lililokatwa katika ukuta ule, na kila dirisha la paa, kila taa ya nyuma, kila skurubu ya turubai, ni tundu jingine. Gundi hukauka. Gari lenyewe hutikisika maelfu ya maili, kuta zikivutana na kuachiana, mpaka siku moja tone la kwanza likapata njia. Tone halipigi hodi. Huingia nyuma ya utepe, likashuka ndani ya mti bila kuonekana, na mti ukaoza kwa miaka mitatu au minne huku ukuta wa ndani ukiwa umependeza kama siku ya arusi. Na ukija kuona doa jeusi kwenye pembe ya kabati, jua kwamba doa hilo ndilo la mwisho kufika, wala si la kwanza.

Mafundi wa majahazi walipambana na adui huyu huyu kwa karne nyingi, wakitia pamba katikati ya mbao na kukalafati kila mwaka, wakipaka sifa na kuteka maji ya ngamani. Hawakusema kamwe kwamba chombo hakivuji, waliuliza tu kinavuja kiasi gani na wapi. Mnunuzi wa gari-nyumba afaa awe na akili hiyo hiyo. Kuna kipimo cha unyevu, kijidude chenye meno mawili kinachogusishwa ukutani na kutoa asilimia: chini ya 15 hali ni ya kawaida, kati ya 15 na 20 ni ya kuangaliwa, ikipita 25 kuna kazi ya kufanywa, na ikipita 30 mti wa ndani huenda umekwisha kulainika. Lakini kipimo chataka mkono ujuao pa kugusa: pembe za juu juu ya kitanda, chini ya madirisha, kando ya kila dirisha la paa, ndani ya kabati nyuma ya viatu, na ndani ya bohari ambako taa za nyuma zimepenya. Sakafu yataka miguu tu. Ikibonyea au kulia kama biskuti karibu na mlango au mbele ya sinki, tabaka zake zimeachana.

Nilipata kufuatana na mzee mmoja wa Lamu, aliyestaafu Leicester, kwenda kutazama gari la mita saba na nusu katika ua wa mfanyabiashara ambaye simtaji. Lilikuwa limeng'arishwa, redio inaimba, na birika limekwisha kuchemka ili tuone kwamba kila kitu chafanya kazi. Yule mzee hakuketi. Alifungua kabati moja baada ya jingine, akaingiza kichwa ndani ya kila moja, akafumba macho.

"Ami, wanusa nini?" nikamwuliza.

"Nanusa bei, mwanangu."

Ndani ya kabati la nguo palikuwa na harufu ya marashi ya dukani yaliyowekwa kwa makusudi, na nyuma ya marashi ile harufu nyingine ambayo kila mtu aliyelala katika ghala la kopra ataifahamu. Birika lenyewe, aliniambia baadaye, ndilo lililomtia shaka kwanza: mtu mwenye gari kavu hana haja ya kujaza mvuke ndani yake kabla ya mgeni kufika na kipimo.

Si magari yote yaliyo sawa katika hili, na insafu yataka isemwe. Baadhi ya watengenezaji wa Ujerumani walikwisha kuacha fremu ya miti mapema, wakagandisha alumini juu ya sponji moja kwa moja. Na katika miaka ya karibuni hata wa Uingereza wameelekea kwenye plastiki yenye nyuzi za kioo na fremu zisizo na mti hata kidogo. Gari la namna hiyo huweza pia kuvuja, lakini haliozi upesi, na ziada ya bei yake katika soko la mitumba ni ya haki. Ama aina ya gari lenye mbele bapa kama basi, ambalo mtengenezaji ameondoa kichwa cha kiwandani na kujenga mwili mzima mwenyewe, lina nafasi na mandhari isiyo na kifani. Ila kioo chake cha mbele si cha kuokotwa dukani, na kampuni iliyolijenga ikiwa imekufa, kupatikana kwa kioo kingine ni hadithi ndefu.

Juu ya injini nitasema machache, kwa kuwa mnunuzi wa gari lolote anayajua mengi ya hayo. Moja tu ni la pekee hapa, nalo huwapotosha wengi: maili chache si fahari. Gari la miaka kumi na minane lililokwenda maili 22,000 ni gari lililosimama, na kusimama ndiko kunakolila: breki hushika kutu, mpira hukauka, betri hufa, na mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kwa maili au kwa miaka, chochote kitanguliacho, huwa haujaguswa tangu kiwandani kwa sababu maili zake hazikutimia. Matairi ni shahidi mwema. Ubavuni mwao mna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, hata 2312 ikawa ni wiki ya ishirini na tatu ya 2012. Na tairi la miaka kumi na mbili lenye meno mazuri, chini ya gari lililosimama na mzigo wake msimu baada ya msimu, ni hatari iliyovaa nguo safi. Seti nzima hugharimu mamia ya pauni, nayo yafaa iingie katika mapatano.

Vyombo vya nyumba vijaribiwe vyote, kimoja kimoja, kwa subira. Jokofu la kale huendeshwa kwa gesi, kwa umeme wa nyumbani na kwa umeme wa gari, na muuzaji hupenda kulionyesha kwa umeme wa nyumbani peke yake. Liwashwe kwa gesi pia, na lipewe saa kadhaa. Hita na chombo cha maji moto huharibiwa na baridi ya kipupwe pale mwenyewe anaposahau kuyamwaga maji, kwa hiyo tangi lijazwe na maji moto yatoke kwenye kila bomba mbele ya macho yako. Mtu wa joto kama sisi asisahau kwamba gesi ya butane hukataa kugeuka mvuke kwenye nyuzi sifuri, ilhali propane huendelea mpaka baridi ambayo binadamu wa Mombasa hana haja ya kuikuta. Na vitanda sita si mikanda sita: mara nyingi mikanda ya usalama ni minne tu, na wajukuu wawili waliosalia hawana mahali pa kukaa mwendoni.

Hati nazo zina hadithi. Karatasi ya usajili iitwayo V5C huandikwa juu yake kwamba si ushahidi wa umiliki, lakini kila siku kuna mtu anayeikubali kana kwamba ni hati ya kiwanja. Yafaa kupekua kama gari lina deni, kama liliibwa, kama liliwahi kuandikwa na bima kuwa limeharibika. Matokeo ya ukaguzi wa kila mwaka wa barabarani husomwa na mtu yeyote bure kwenye intaneti kwa namba ya gari tu, pamoja na maili ya kila mwaka na maonyo ya mkaguzi juu ya kutu na breki; dakika kumi za kusoma huko hueleza tabia ya mwenye gari kuliko saa nzima ya mazungumzo naye. Ila mkaguzi huyo hakagui nyumba. Cheti chake hakisemi neno juu ya unyevu, na wengi hudhani kinasema.

Kununua kwa mtu binafsi au kwa mfanyabiashara? Mfanyabiashara huomba zaidi, lakini sheria ya mwaka 2015 ya haki za walaji humpa mnunuzi siku thelathini za kurudisha kitu kilichotolewa na kasoro, haki ambayo aliyenunua uani kwa jirani hana. Mtu binafsi, kwa upande wake, hujibu maswali: wapi alilala nalo, kwa nini anauza, nani alilitengeneza, risiti ziko wapi. Mimi humpendelea mwenyewe, mzee aliyeandika kila lita ya dizeli katika daftari. Lakini nampendelea akiwa na kipimo cha unyevu mkononi mwa fundi wangu. Ama bei, msimu una neno lake, kwani vuli muuzaji huyaona malipo ya maegesho na bima ya majira ya baridi yakimjia. Wakati wa maradhi ya korona ya 2020 na 2021, watu waliponyimwa ndege, magari haya yalipanda mno, na baadhi ya wauzaji wa leo bado wanaikumbuka bei ile kana kwamba ni haki yao ya kuzaliwa.

Linabaki swali la mahali. Gari la mita nane, pana kwa mita 2.3 bila vioo, na refu juu kwa mita tatu, halina rafiki katika vichochoro vya Cornwall, wala katika maegesho ya maduka yenye boriti ya mita 2.1, wala mbele ya nyumba nyingi za miji ya Uingereza ambazo masharti ya viwanja vyake hukataza kuliegesha. Kodi ya kulilaza katika ua wenye ulinzi ni ya mwaka mzima, ilhali safari ni za majuma. London tangu tarehe 29 Agosti 2023 imeweka wilaya zake zote chini ya ushuru wa moshi, na gari la dizeli lisilofikia kiwango cha Euro 6, yaani karibu kila la miaka kumi na mitano, hulipa kila siku linapoendeshwa humo. Lililozidi tani tatu na nusu huangukia kanuni ya magari mazito, ambayo ushuru wake ni mkali zaidi. Ufaransa, kinyume chake, vijiji vyenyewe humwekea msafiri kiwanja, maji na pa kumwaga choo, mara nyingi kwa euro chache au bure. Huko ukubwa hupata starehe yake. Hata hivyo mwenye pasipoti ya Uingereza haruhusiwi tena kupita siku 90 ndani ya kila siku 180, na mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya atahitaji viza kwanza. Gari la kuishi ndani yake miezi sita Hispania limekuwa, kwa wengi, gari la miezi mitatu.

Yule mzee wa Leicester hakulinunua lile la marashi. Baada ya miezi mitano alipata jingine, la mwaka 2008, lenye ekseli mbili nyuma na kibati cha kilo 4,250, viti vyake vikiwa na kitambaa cha rangi ya hudhurungi ambacho mkewe alikichukia mara moja na anakichukia bado. Kabla ya kulipa alimtaka mwenyewe alijaze maji na dizeli na wafuatane mpaka kwenye mizani ya umma, ekseli ya mbele kwanza, kisha zile za nyuma, kisha gari zima. Karatasi ikatoka 3,610. Akaikunja, akaitia mfukoni, akakaa kwenye ngazi ya mlango na kuhesabu kwa vidole. Alikuwa na miaka 66, leseni yake ni ya 1984, na mbele yake, kabla ya kwenda kuonana na daktari wa macho, kulikuwa na majira manne ya joto.